Nani Atashika Kamba?

Kila Jumapili asubuhi Kétsia aliteka maji, akafagia uwanja, akamwogesha mdogo wake Merdi, aliyechukia sabuni kama paka anavyochukia mvua. Waliporudi kutoka misa ya kwanza, alikwenda nyuma ya mlango wa chumba cha mama yake na kuchukua vitu viwili vilivyoning'inia kwenye msumari mmoja: kamba ndefu ya katani, na kitambaa cheupe kikubwa kama shuka la mtoto mchanga. Vitu hivyo vilikuwa kazi yake. Katika Mubi nzima hapakuwa na mtoto mwingine mwenye kazi kama hiyo, na Kétsia, mwenye miaka kumi na miwili, alilijua hilo vizuri.

Mubi ni mji wa barabarani, katikati ya msitu wa Walikale. Miaka ile ya vita, njia ya kwenda Masisi na Goma ilikuwa imefungwa, na karibu kila kitu kilikuja kwa ndege: chumvi, sabuni, hata misumari. Nje kidogo ya mji kulikuwa na kipande cha barabara kilichonyooka, lami yake bado nzima, na hapo ndipo ndege za mizigo zilipotua siku za kazi. Askari waliwafukuza watu na pikipiki, ndege ikatua palepale barabarani, ikapakia mawe ya mgodi, ikaondoka. Jumapili ndege hizo hazikuja. Jumapili barabara ilikuwa ya Panzi.

Panzi ilikuwa ndege ndogo ya mchezo. Ilikuwa na bawa moja pana la kitambaa, magurudumu matatu, viti viwili visivyo na mlango wala dirisha, na mota yenye feni kubwa nyuma ya mgongo wa rubani. Mwenyewe alikuwa Papa Floribert, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyeuza vipuri vya pikipiki. Aliinunua kwa mzungu mmoja mtaalamu wa kahawa, ambaye kabla ya kukimbia vita alimfundisha kuirusha, yeye pamoja na rafiki yake, Mwalimu Jean-Marie. Watu walipomuuliza kwa nini alitupa fedha kwenye kitu kisichobeba hata gunia la mchele, Floribert alicheka na kusema kwamba wengine hununua ng'ombe, yeye amenunua upepo.

Mkuu wa askari alikubali Panzi iruke Jumapili asubuhi tu, tena isivuke mto, ili mtu mwenye bunduki huko msituni asije akadhani ni adui. Upande wa machweo, mwanzoni mwa kile kipande cha lami, kulikuwa na kizuizi cha askari, kwa hiyo hakuna chombo kilichopita huko bila ruhusa. Hatari ilikuwa upande wa mawio. Huko barabara ilipanda kilima kifupi, na pikipiki zilizotoka Walikale zilichomoza ghafla juu yake kama zimetupwa. Hapo, chini ya kilima, ndipo kamba ya Kétsia ilipofungwa, kutoka mti hadi mti.

Sheria aliitunga Mwalimu Jean-Marie. Rubani akitaka kutua, lazima kwanza azunguke mara moja juu ya barabara ili aitazame. Mshika kamba naye lazima awe kwenye kamba tangu Panzi inaporuka hadi inapotua. Akiona barabara iko tupu na kamba imefungwa, anasimama pembeni na kupunga kitambaa cheupe. Pasipo kitambaa, hakuna kutua. Mwalimu alisema ndege ile ina macho manne, mawili juu na mawili chini, na yote manne yawe wazi.

Mwalimu mwenyewe hakukosa hata siku moja. Alizunguka, akatazama, akazunguka tena ikiwa kitambaa kilichelewa. Floribert alimtania mbele ya watu kwamba anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kétsia aliipenda kazi ile kwa sababu ya ahadi. Familia yao ilikuwa ya Kingi, kule Masisi, na walipokimbia, Koko Epiphanie, bibi yake mzaa mama, alikataa kuacha shamba lake. Tangu hapo hawakuwa na habari zake ila za kusikia kwa watu. Floribert alikuwa amemwambia Kétsia kwamba asubuhi isiyo na ukungu, ukiwa juu kabisa, unaiona milima ya Masisi imejipanga kwa mbali, ya kijani kibichi. Akamwahidi: ashike kamba vizuri hadi shule zifungwe, naye atampandisha aione.

Mama Virginie alipoisikia ahadi hiyo hakuinua hata macho kutoka kwenye cherehani yake. Yeye ndiye fundi aliyelishona bawa la Panzi kila lilipochanika.

"Mutoto wangu hapandi kitu nilichokishona mimi mwenyewe," alisema.

Floribert alicheka, akamkumbusha kwamba mishono yake haijawahi kuachia. Mama Virginie akamjibu kwamba haijaachia kwa sababu kila mara anauvuta uzi mmoja mmoja kabla ya kulirudisha bawa, hata ule alioushona juzi. "Mushono haukumbuki jana, Papa Floribert. Ao umeshika, ao haukushika."

Kétsia aliyasikia maneno hayo. Hakuyatia moyoni.

Mambo yalianza kulegea polepole, wala hakuna aliyesema yamelegea. Jumapili za kwanza Kétsia alisimama kwenye kamba bila kukaa, macho angani, hata shingo ikamuuma. Baadaye akaona kwamba Panzi hukaa hewani muda mrefu, na mngurumo wake ukizunguka juu ya barabara unasikika hadi kwa Mama Fifi, aliyeuza mandazi katikati ya kile kipande cha lami. Fifi, binti yake, alikuwa rafiki yake. Wasichana walicheza nzango pale, wakiruka na kupigana makofi, miguu ikishindana. Kétsia akaanza kwenda kucheza. Kwanza aliiacha kamba imefungwa, lakini wenye pikipiki walioizoea waliishusha wakapita. Basi akawa haifungi mapema. Alingoja asikie mzunguko, ndipo akimbie kuifunga na kupunga kitambaa. Kila mara aliwahi. Alijiambia: Papa Floribert lazima azunguke kwanza, nafasi iko.

Kule juu naye Floribert alikuwa na mazoea yake. Alipotazama chini aliona kitambaa kila mara, kamba kila mara, barabara tupu kila mara. Mara moja akakata kona, mzunguko ukawa nusu. Mara nyingine akaanza kushuka kabla ya kukiona kitambaa, nacho kikapungwa wakati magurudumu yanakaribia lami. Naye alijiambia: Kétsia yuko kwenye kamba, barabara iko tayari.

Hivyo kila mmoja alimwegemea mwenzake, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake naye ameegemea.

Jumapili ile ilianza na jua kali lisilo la kawaida. Mama Virginie alikuwa ameondoka alfajiri kwa pikipiki kupeleka kanzu za kwaya kwenye parokia ya Walikale, na alisema asitazamiwe kabla ya jioni. Mwalimu Jean-Marie alikuja barabarani, akatazama anga upande wa machweo, ambako msitu ulikuwa umevaa wingu jeusi kama sufuria, akasema yeye leo haruki. Akamshauri rafiki yake naye aiache.

"Lile wingu nimelijua tangu nikiwa mutoto," Floribert akasema. "Linatisha tu, halinyeshi mbele ya saa nane." Akamgeukia Kétsia na kumpigia saluti. "Komanda, barabara ni yako."

Kétsia akacheka, akapiga saluti yake. Mwalimu hakucheka. Alibaki kidogo, akaitwa na watu kwenda kwenye kilio cha jirani, akaenda akigeuka nyuma.

Panzi ikaruka. Kétsia alisimama kwenye kamba kwa muda, kisha akaitundika kwenye tawi, akaenda kwa Mama Fifi na kitambaa begani. Nzango ilikuwa imepamba moto. Alicheza na Fifi, akamshinda, akacheza tena. Hakuona kwamba vivuli vimepotea. Alichokihisi kwanza ni baridi shingoni. Upepo ulipita barabarani ukibeba vumbi na majani, na karatasi za mandazi zikaruka. Mama Fifi akaanza kufunika bakuli zake. Lile wingu lilikuwa limesogea hadi nusu ya anga.

Kétsia akasikiliza. Hakusikia mzunguko. Alisikia kitu kibaya zaidi, mota iliyopunguzwa, sauti ndogo ya kunong'ona ambayo Panzi huitoa inaposhuka. Akageuka kuelekea machweo. Bawa jeupe lilikuwa tayari juu ya kizuizi cha askari, chini sana, likiyumba kwa upepo. Floribert alikuwa amelikimbia wingu akaja moja kwa moja. Hakuzunguka.

Na upande wa pili, nyuma ya kilima, pikipiki ilikuwa inapanda. Ilikuwa imebeba mzigo mzito, maana mota yake ililia kwa shida.

Miguu ya Kétsia ilimpeleka barabarani kabla hajafikiri. Kamba ilikuwa mbali, asingeifikia. Kitambaa kilikuwa mkononi mwake, na mkono ulikuwa umeshainuka, kwa sababu kila Jumapili mkono ule ulikipunga Panzi inapokuja. Hapo ndipo alipoelewa. Kitambaa kinasema, njoo. Akikipunga, anamwita Floribert atue juu ya pikipiki.

Akakitupa chini. Akasimama katikati ya lami, akainyoosha mikono yake pande zote mbili, akakaza magoti. Aliliona gurudumu la mbele likija likiwa kubwa kama meza. Aliuona uso wa Floribert nyuma ya miwani, mdomo wazi. Kisha mota ikanguruma kwa nguvu zake zote, Panzi ikainua pua, na kivuli cha bawa kikapita juu ya kichwa chake pamoja na upepo uliomwangusha chini.

Alipogeuka, pikipiki ilikuwa imechomoza juu ya kilima, ikaikuta ndege mbele ya uso. Dereva alikata kona. Pikipiki ikateleza, ikaingia mtaroni, na magunia yakatawanyika. Panzi ilipita juu yao kwa urefu wa mtu mmoja, ikapanda, ikapotelea juu ya miti.

Kétsia akakimbia. Dereva alikuwa ameketi kando ya mtaro akishika goti lake. Alikuwa Byukusenge, kijana aliyekimbia vita kutoka Masisi kama wao. Kando yake, nusu ndani ya majani, alikuwa amelala mama yake Kétsia, mkono wa kushoto umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

"Mama."

Mama Virginie alifumbua macho. Uso wake ulikuwa wa majivu. Alimtazama binti yake, akatazama juu, ambako mngurumo ulikuwa unarudi.

"Hana mahali pengine pa kutua," alisema. "Kamba."

"Mama, mukono wako…"

"Mukono hauendi popote. Funga kamba, Kétsia. Sasa."

Akaenda. Fundo likamshinda mara ya kwanza, akalifungua, akalifunga upya, akalivuta kwa uzito wake wote kuona kama limeshika. Juu, Panzi ilizunguka. Safari hii ilizunguka kweli, duara zima, huku upepo ukilirusha bawa kama nguo kwenye waya. Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye lami, likafuatwa na lingine. Kétsia akarudi mbio hadi pale alipokitupa kitambaa, akakiokota. Watu walikuwa wameanza kukimbilia pikipiki wakikatiza barabara. Mama Fifi alikuwa akimfuata mbuzi wake katikati ya njia.

Kila kitu ndani yake kilisema, punga. Floribert anangoja, mvua inakuja, punga. Lakini hakupunga. Aliwapigia watu kelele watoke, akamkamata mtoto mmoja mkono akamvuta hadi kwenye majani, akamsaidia Mama Fifi kumsukuma yule mbuzi. Panzi ikapita juu yake bila kutua, ikaanza duara la pili. Kétsia alitazama upande wa kilima, akaona kamba imekaza. Akatazama upande wa kizuizi. Lami ilikuwa tupu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ndipo akakiinua kitambaa.

Panzi ilitua ikirukaruka, ikainama upande mmoja, ncha ya bawa ikakwaruza chini, ikasimama. Papo hapo mvua ikashuka kama mlango uliofungwa.

Walimbeba Mama Virginie hadi kituo cha afya juu ya mlango wa duka uliong'olewa. Muuguzi aliunyoosha mkono, akaufunga kwa ubao na vitambaa. Ilikuwa mvunjiko mmoja, alisema, na mfupa haukutoka nje, wamshukuru Mungu. Kama ungetoka, hapakuwa na daktari wa kupasua Mubi, na njia ya Goma kila mtu anaijua ilivyo. Wakati wa vita, mtu anayevunjika vibaya hubaki na kuvunjika kwake.

Nje, barazani, watu walikuwa wamejikinga mvua, na walikuwa wamekwisha kumpata mwenye kosa. Walisema vijana wa pikipiki hawana akili, na huyu wa Masisi ndiye kinara wao. Sajini wa kizuizi alikuwa ameushika ufunguo wa pikipiki ya Byukusenge, akisema chombo kitabaki kwake. Byukusenge alirudia kwamba hakuona kamba yoyote. Goti lake lilikuwa linatoka damu, na hakuna aliyemtazama.

Kétsia alisimama mlangoni. Nguo zake zilikuwa zimemgandia mwilini. Aliwaza kwamba akinyamaza, hakuna atakayejua. Wote waliiona kamba imefungwa wakati Panzi ilipotua. Wote walimwona akipunga kitambaa. Mama mmoja alikuwa tayari anamsifu, akisema mtoto huyu ameokoa watu watatu. Na aliwaza milima ya Masisi. Akisema, hataiona kamwe.

Akamtazama Byukusenge, aliyekuwa anaangalia ule ufunguo mkononi mwa sajini kama mtu anayeangalia nyumba yake ikiungua.

"Kamba haikuwa imefungwa," Kétsia alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akarudia kwa nguvu. "Ni mimi niliacha kamba. Nilikuwa kwa Mama Fifi, nikicheza. Byukusenge hana kosa."

Mvua ilipiga juu ya mabati. Yule mama aliyekuwa akimsifu alishusha macho. Kétsia alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni kama maji.

Ndipo Papa Floribert alipoinuka kwenye kona alikokuwa ameketi tangu mwanzo, miwani yake mikononi. Alimwomba sajini amrudishie kijana ufunguo wake. Sajini akauliza kwa nini.

"Kwa sababu na mimi sikuzunguka. Ningezunguka, ningeona kwamba kitambaa hakiko. Sikuzunguka leo, na sikuzunguka vizuri Jumapili iliyopita, wala ile ya mbele yake." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa namucheka Jean-Marie."

Sajini alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akautupa ufunguo, Byukusenge akaudaka.

Mama Virginie alikuwa amesikia yote kupitia dirisha lisilo na kioo. Aliwaita ndani, Floribert na Kétsia pamoja. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha chuma, mkono juu ya kifua, na maumivu yalikuwa yamemfanya awe mkali zaidi ya kawaida yake.

"Wewe kwanza," alimwambia binti yake. "Umesema kweli mbele ya watu. Hilo nimelisikia, na sitalisahau. Lakini ulisimama mbele ya ndege. Hilo sikusifu. Ungekuwa mahali pako, hakuna muntu angehitaji ushujaa wako leo."

Kétsia aliinamisha kichwa.

"Na wewe, Papa Floribert. Unajua nini kilichotuvunja? Si wingu. Si kilima. Kila mumoja wenu alifanya kazi vizuri siku nyingi, mpaka akaona hatari imekufa. Wewe uliacha macho yako kwa mutoto. Mutoto akaacha macho yake kwako. Kwa hiyo leo barabara haikuwa na jicho hata moja, na mimi nikaja, kanzu za kwaya nimezitoa mapema." Akauma meno hadi maumivu yakapita. "Wazee walisema mazoea yana taabu. Hatari haihesabu mara ulizopona. Kila Jumapili inaanza upya, kama vile mimi ninavyovuta kila uzi upya. Ukichoka kuvuta uzi, acha kushona."

Floribert alisema atalipia matibabu, atalipia pikipiki, na ataifunga Panzi ghalani isiruke tena.

"Lipa," Mama Virginie akasema. "Kufunga Panzi, hilo ni lako. Sikukwambia uache kuruka. Nimekwambia uzunguke."

Shule zilifungwa. Ubao ukatolewa mkononi mwa Mama Virginie, na mkono ulikuwa umenyooka, ingawa mwembamba kuliko mwenzake. Bawa la Panzi lilikuwa limeshonwa upya, na kwa majuma yote yale Panzi ilirushwa na Mwalimu Jean-Marie peke yake. Kétsia alikuwa ameomba arudishiwe kamba. Mwalimu alimkubalia, na Fifi alipomwita kucheza alitikisa kichwa tu. Wenye pikipiki walijifunza kwamba kamba ya yule msichana haishushwi.

Jumapili moja isiyo na ukungu, Papa Floribert alirudi barabarani na miwani yake. Aliizunguka Panzi akiigusa kila mahali kwa mkono, taratibu, bila mzaha. Kisha akamwita Kétsia, akamwonyesha kiti cha nyuma. Ahadi ni deni, alisema, hata kama aliyeahidi alikuwa mpumbavu. Alikuwa amezungumza na Mama Virginie jana yake, naye hakusema ndiyo, lakini hakusema hapana.

Kétsia alikitazama kile kiti. Alitazama angani, upande ambako Kingi ilikuwa, ambako labda Koko Epiphanie alikuwa anapalilia maharage yake saa ile ile. Alikuwa amekiota kiti kile mwaka mzima. Akatazama kamba mkononi mwake.

"Papa Floribert," alisema, "nikipanda, nani atashika kamba?"

Mwalimu Jean-Marie alikuwa Walikale kwenye mkutano wa shule. Fifi alikuwa na mandazi ya kuuza, na Merdi alikuwa mdogo. Floribert alifungua mdomo, na Kétsia akajua alichotaka kusema, kwamba asubuhi ni tulivu, kwamba ni kwa leo tu. Lakini mdomo ulifungwa tena.

"Basi tutangoja siku nyingine," alisema.

Kétsia akakubali kwa kichwa. Akaanza kuelekea kilimani, kamba begani.

Mkono mwembamba ukaishika kamba ile kwa nyuma. Mama Virginie alikuwa amekuja bila kusikika, bado na nguo za misa, mkoba wake kwapani.

"Mimi," alisema. "Nifundishe lile fundo."

Kétsia alimfundisha. Mama Virginie alilifunga, akalivuta, akalifungua, akalifunga tena, akalivuta.

Kutoka juu, milima ya Masisi ilikuwa kama Floribert alivyosema, lakini mikubwa zaidi, kijani juu ya kijani, na malisho yamelala mabegani mwake. Nyumba haikuonekana hata moja, ilikuwa mbali mno. Kétsia aliitazama hadi machozi yakakauka kwa upepo. Akasema salamu zake kwa sauti, kwa sababu huko juu hakuna aliyemsikia.

Waliporudi, Floribert alizunguka duara zima juu ya barabara. Kitambaa hakikuonekana. Akazunguka tena. Kétsia alichungulia chini, akamwona mama yake, mdogo kama mwiko, katikati ya lami, akibishana na mbuzi wa Mama Fifi.

"Tuko na mafuta ya kutosha," Floribert akapaza sauti juu ya mota. "Tungoje. Kungoja hakujavunja mukono wa muntu."

Wakazunguka mara ya tatu, na mbuzi akashindwa. Mama Virginie alitazama kilimani, akatazama kizuizini, akatazama kilimani tena. Kisha kitambaa cheupe kikapanda.